Ukikanyaga Breki Dashibodi Ikawaka

Saa mbili usiku, umeme wa mtaani umekatika, uani giza totoro. Niliingia kwenye gari, nikawasha injini, nikakanyaga breki ili nitoe gia kwenye P. Taa nilikuwa sijaziwasha bado. Mguu ulipozama tu, nyuma ya namba za spidi ukajitokeza mwanga mdogo mwekundu, kama kaa linalokaribia kuzimika. Nikaachia, ukapotea. Nikakanyaga tena, ukarudi.

Gari lenyewe ni Corolla 110 ya mwaka 1998, nimelitumia miaka tisa. Kesho yake fundi wa kwanza aliniambia swichi ya taa iliyo kwenye usukani imekufa, ninunue nyingine. Wa pili akasema nyaya zote zimechoka, gari lifumuliwe lisukwe upya. Hakuna hata mmoja wao aliyefungua balbu. Naandika haya kwa ajili ya kila mwenye gari la umri huo ambaye amewahi kulipia kifaa kipya na tatizo likabaki palepale. Sehemu kubwa ya matatizo ya umeme katika magari kuukuu hutokea kwenye maungio na kwenye njia ya umeme kurudi betrini. Njia hiyo ya kurudi ndiyo watu husahau kuikagua, labda kwa sababu wengi hatujui kwamba ipo.

Umeme lazima urudi

Ili balbu iwake, umeme hauna budi kuingia upande mmoja, kupita kwenye uzi wake, kutokea upande wa pili na kurudi hadi hasi ya betri. Safari ikikatika popote, hata hatua ya mwisho kabisa, balbu inabaki giza. Kwenye gari, chanya huletwa na waya, lakini kurudi umeme hupita kwenye bodi yenyewe ya chuma. Kila taa au kundi la taa lina waya mfupi uliofungwa kwa bolti kwenye bati. Katika Toyota waya huo kwa kawaida ni mweupe wenye mstari mweusi. Mafundi wanauita ethi.

Bolti hiyo ikikaa miaka ishirini na kitu, tena karibu na bahari, chini yake hutengenezeka kutu nyembamba. Anayeishi Tanga, Mombasa au Unguja anajua upepo wa chumvi unavyokula bati. Ukiangalia kwa macho unaona waya umefungwa vizuri kabisa. Umeme unapofika hapo unakuta ukuta.

Na ukuta wenyewe si lazima uwe mkubwa. Chukua balbu ya breki ya wati 21. Kwa volti 12 inavuta ampea 1.75. Kutu ya chini ya bolti ikileta ukinzani wa omu 1 tu, volti moja na nusu hivi inapotea palepale, balbu inabaki na kama 10.5. Uzi wa balbu huathirika upesi sana na upungufu wa volti, na upungufu huo mdogo unaondoa zaidi ya theluthi moja ya mwanga. Watu wengi wanaolalamika kwamba taa zao ni hafifu, wakanunua balbu za wati nyingi zaidi, walikuwa wanahitaji kipande cha msasa.

Sasa turudi kwenye breki yangu. Taa ya nyuma ya gari hili hutumia balbu yenye nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja: uzi wa wati 21 kwa ajili ya breki na uzi wa wati 5 kwa ajili ya taa ndogo. Kila uzi una mlango wake wa kuingilia, lakini nyuzi zote mbili zinatokea mlango mmoja, yaani ethi moja. Mlango huo ukiziba, umeme wa breki ukishapita kwenye uzi mnene unafika njia panda. Ethi haipitiki. Kilichobaki ni ule uzi wa wati 5, na ng'ambo ya uzi huo kuna waya wa taa ndogo unaokwenda hadi taa za mbele na kwenye dashibodi, ambako ethi ni nzima. Basi umeme unaingia kwenye uzi mdogo kinyumenyume, unapanda na waya wa taa ndogo hadi kwenye balbu za dashibodi, na huko ndiko unakopata njia ya kurudi betrini. Ukifika volti zake nyingi zimeshaishia njiani. Zinabaki kama mbili, na ndiyo maana dashibodi yangu ilitoa mwanga wa kaa.

Kilichonitisha kilikuwa nyuma ya gari. Nilimwita mpwa wangu asimame kwenye buti, nikamwambia nikikanyaga aniambie anaona nini.

"Anko, breki haziwaki. Zimewaka zile ndogo, tena kwa unyonge."

Kwa siku nisizojua idadi yake nilikuwa nasimama kwenye foleni, na bodaboda na daladala nyuma yangu hazioni taa ya breki. Tangu siku hiyo sikubali mtu aniambie kuwa taa za dashibodi ni urembo.

Kupima ethi, hatua kwa hatua

Unahitaji multimita (mita ya kupimia umeme) ya kawaida na mtu mmoja wa kukanyaga breki. Weka mita kwenye volti 20 za DC. Ncha nyeusi iguse hasi ya betri. Kama kamba ya mita haifiki nyuma, ungia waya wa mita tano hivi. Ncha nyekundu iguse ule waya wa ethi kwenye soketi ya taa. Mwambie mwenzako akanyage breki, halafu soma.

Ethi nzima itaonyesha karibu sifuri, hadi 0.1 hamna shida, 0.2 anza kutilia mashaka. Yangu ilisoma 10.4. Maana yake ni kwamba karibu volti zote za betri zilikuwa zimekwama upande ambao ulipaswa usiwe na volti.

Hapa kuna kosa moja ambalo hata mafundi wazoefu hulifanya: kupima ethi kwa omu huku taa imezimwa. Waya uliobakiwa na unyuzi mmoja tu wa shaba utakuonyesha omu sifuri, mita italia, nawe utaamini uko salama. Mkondo mkubwa ukipita, unyuzi ule mmoja unashindwa kuubeba. Ni sawa na daraja la mti mmoja. Kuku atavuka, ng'ombe hataweza. Pima huku taa inawaka.

Nilitoa kapeti la pembeni kwenye buti, nikakuta ethi ya taa zote mbili za nyuma imefungwa kwa bolti moja ya spana namba 10. Kichwa cha waya kilikuwa na unga wa kijani, na chini yake bati limegeuka kahawia. Nilichomoa kwanza hasi ya betri, nikafungua bolti, nikasugua bati kwa msasa hadi likang'aa, nikasugua kichwa cha waya pande zote mbili, nikakaza, kisha nikapaka vaselini juu ya kila kitu ili maji na hewa ya chumvi visipenye. Paka baada ya kukaza, chuma kikiwa kimeshagusana na chuma. Nikarudisha betri, mpwa wangu akakanyaga: 0.04. Kazi nzima ilichukua nusu saa na haikudai kifaa chochote kipya.

Dalili nyingine za ethi mbovu utazitambua kwa namna zinavyochanganya mambo. Ukiwasha indiketa, taa ndogo ya nyuma inapepesa nayo. Ukiweka rivasi, taa ya breki inawaka kidogo. Ukiwasha taa kubwa, mshale wa mafuta unapanda au kushuka. Kila mara kitu kimoja kikiendesha kingine kisichohusiana nacho, uliza kwanza: hivi viwili vinatumia ethi gani?

Kuna tofauti moja ndogo ya kuzingatia. Ukikanyaga breki dashibodi ikawaka kwa nguvu zake zote, kama vile umewasha taa, usianze na ethi. Fungua balbu za nyuma. Huenda uzi wa breki umekatika ukaangukia ule wa taa ndogo, au kuna mtu aliweka balbu ya uzi mmoja mahali pa balbu ya nyuzi mbili, ikaunganisha milango miwili ya kuingilia. Mwanga hafifu hukuelekeza kwenye ethi, na mwanga kamili hukuelekeza kwenye balbu au soketi yake.

Dashibodi ikiwa giza kabisa

Kabla hujafungua chochote, washa taa ndogo uzunguke gari. Kama dashibodi, taa ndogo za mbele, za nyuma na ya namba zote zimezimika, tafuta fyuzi iliyoandikwa TAIL. Kama nje kunawaka na dashibodi peke yake ndiyo giza, tafuta kwanza kile kigurudumu kidogo cha kupunguza mwanga, maana mara nyingi kimezungushwa hadi mwisho na mtu aliyekuwa akifuta vumbi. Kizungushe mara kadhaa mbele na nyuma. Mwanga ukipepesa, kigurudumu chenyewe kimechakaa ndani. Magari mengine yana fyuzi ya pekee kwa taa hizi, kwa kawaida ina jina PANEL. Soma kifuniko cha kisanduku cha fyuzi.

Fyuzi ikiungua mara moja, badilisha. Ikiungua tena, usiweke kubwa zaidi, na kamwe usiweke waya wala karatasi ya sigara. Fyuzi ya ampea 15 imewekwa ili iungue kabla waya haujaungua. Ukiweka ya 30, kitakachoungua ni waya, nyuma ya plastiki za dashibodi, mbele ya magoti yako. Tafuta mahali ambapo waya umegusa bodi. Kwa fyuzi ya TAIL mimi huanza na waya wa taa ya namba unaopita kwenye bawaba ya buti, kwa sababu hukunjwa kila buti inapofunguliwa na kufungwa, mpira wake unachanika. Kisha waya wa mwanga wa redio, ambao waliobadilisha redio huuacha ukining'inia wazi.

Fyuzi nzima, kigurudumu kizima, basi toa dashibodi. Chomoa hasi ya betri na usubiri. Kama gari lina mifuko ya hewa, Toyota huelekeza kusubiri angalau sekunde 90, na soketi za njano zilizo karibu na usukani usiziguse kwa mita wala kwa testa. Gari la zamani zaidi lina kebo ya spidomita nyuma. Ukivuta kwa pupa utaikata. Nyuma ya dashibodi utaona karatasi laini ya plastiki yenye njia za shaba, na balbu ndogo zilizokaa kwenye vishikio vya kuzungusha robo. Balbu yenyewe inaweza kuwa nzima, shida ikawa ni kishikio kisichogusa shaba. Sugua kwa kifutio cha penseli, taratibu. Ukiona karatasi imebabuka kuzunguka kishikio, mtu aliwahi kuweka balbu yenye wati nyingi kuliko inavyotakiwa.

Wanaopenda kubadilisha kuweka taa za LED wajue kwamba hizo zina upande. Isipowaka, izungushe kabla ya kuitupa. Na kwenye nafasi ya taa ya betri acha balbu ya kawaida. Katika magari mengi ya zamani, mkondo unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoiamsha altaneta, yaani jenereta ya gari, ianze kuchaji betri. LED huvuta mkondo mdogo mno kwa kazi hiyo.

Taa za onyo na mishale

Mishale ikilala yote kwa pamoja na taa za rivasi nazo zikafa, katika Corolla hii na ndugu zake angalia fyuzi ya GAUGE. Mtu anaweza kutangatanga wiki nzima akitafuta tatizo la rivasi kwenye gia.

Taa ya oili hufanya kazi tofauti na watu wanavyodhani. Umeme unaifikia moja kwa moja kutoka kwenye swichi ya funguo, na swichi ndogo iliyo kwenye injini ndiyo inayoipatia ethi pale presha inapokosekana. Ikiwaka injini ikiunguruma, zima injini kwanza. Pima oili, thibitisha presha, ndipo ufikirie nyaya. Ukishathibitisha, chomoa waya kwenye ile swichi ndogo na ufungue funguo bila kuwasha injini. Taa ikizimika, waya ni mzima, kwa hiyo swichi ndogo ndiyo mbovu. Ikibaki inawaka, waya umegusa bodi mahali fulani njiani. Mshale wa joto una mantiki hiyohiyo katika magari mengi: waya ukikatika mshale unalala kwenye baridi, waya ukigusa bodi unaruka hadi mwisho wa joto.

Wenye Land Rover Series III, zilizotengenezwa 1971 hadi 1985, wana kifaa cha ziada nyuma ya dashibodi, kinachoshusha volti za mafuta na joto hadi wastani wa 10. Mishale hiyo miwili ikikosea kwa pamoja na kuelekea upande mmoja, shaka kifaa hicho na ethi yake. Ni nadra sana geji mbili kufa siku moja.

Halafu kuna jambo ambalo limewafanya watu wengi wabadilishe pedi za breki bure. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1980 na 1990, taa ya onyo ya breki na ile ya betri zikiwaka pamoja kwenye dashibodi, tatizo liko kwenye altaneta. Kiwanda kiliunganisha taa ya breki na waya wa taa ya betri kupitia dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu), ili ukifungua funguo balbu zote mbili zijijaribu kabla injini haijawaka. Altaneta ikifa barabarani, zinawaka zote mbili tena. Angalia mafuta ya breki na hendibreki, ni lazima, lakini kisha weka mita kwenye betri. Injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa, betri iliyojaa husoma kama 12.6. Injini ikiwaka, unataka 13.8 hadi 14.5. Ikibaki 12 na kitu, haichaji. Ikipita 15, inachaji kupita kiasi, na hapo ndipo balbu zinapoungua moja baada ya nyingine bila sababu inayoonekana.

Betri inayolala usiku na kuamka imekufa ina kipimo chake. Zima kila kitu, funga milango, chomoa hasi, weka mita katikati ya waya na betri kwenye ampea 10, na usijaribu kuwasha gari katika hali hiyo. Baada ya dakika chache inapaswa kusoma chini ya ampea 0.05. Ikisoma 0.5, betri ya ampea-saa 45 itakauka kwa saa 90, yaani chini ya siku nne. Chomoa fyuzi mojamoja hadi namba ishuke. Kwangu ilishuka nilipochomoa ya redio, na nyuma yake nikakuta alamu ya zamani isiyofanya kazi. Nyaya zake zilikuwa zimesokotwa kwa vidole na kufungwa tepu, na gundi ya tepu imeyeyuka kwa jua. Ungio la hivyo halifai ndani ya gari. Bana kwa kiungio cha chuma au choma kwa risasi ya kulehemu, kisha ufunike.

Ethi moja imebaki, nayo ni kubwa kuliko zote: ule waya mnene au ukanda wa nyuzi za shaba kati ya injini na bodi au betri. Injini imekaa juu ya mipira, kwa hiyo bila ukanda huo haina njia ya kurudisha umeme wa stata. Ukikatika, mkondo huo mkubwa utajitafutia njia nyingine, pengine kupitia kebo ya mafuta (ile inayovutwa na pedali ya mwendo) au ya gia. Ukiona kebo ya mafuta inapata moto unapopiga stata, au stata inazunguka kwa uvivu na taa za dashibodi zinazimika, chukua kebo ya kuazimia moto. Bana upande mmoja kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, piga stata. Ikizunguka kwa nguvu, rudisha stata mpya dukani kama umeshainunua, ukatafute ukanda wa ethi.